Harufu ya oili kuungua kwenye IST yangu, miezi minne mpaka tukaipata

Mara ya kwanza niliisikia nikiwa foleni pale Kimara Korogwe, jioni natoka kazini, vioo nimepandisha na feni ya AC iko namba mbili. Harufu kama kikaango ulichosahau jikoni mafuta yakapitiliza, ile inayokukaa kooni. Mbele yangu kulikuwa na lori la kokoto linatoa moshi mweusi nikasema basi ni hilo. Lori likakata kushoto likaondoka, harufu ikabaki. Foleni ilipofunguka nikatembea kidogo ikapotea kabisa, nikasahau. Kesho yake jioni ikarudi, tena kwenye foleni.

Laiti mtu angenieleza siku ile kwa nini inanuka nikisimama tu. Ni hivi, ukiwa kwenye mwendo upepo unapita chini ya gari unabeba kila kitu nyuma, ukisimama joto la injini linapanda juu na hewa inayoingia ndani ya gari inavutwa pale chini ya waipa, nyuma kabisa ya boneti, kwa hiyo kama kuna kitu kinaungua nyuma ya injini wewe ndo unakuwa wa kwanza kukivuta. Ukibonyeza ile batani ya kuzungusha hewa ya ndani harufu inapungua. Mimi nilivyogundua hiyo batani nikaifanya dawa, wiki mbili nzima naiweka tu hapo na naona gari imepona. Naomba usifanye hivyo. Ule ni moshi, na mimi nilikuwa nawapakia watoto asubuhi kwenda shule kwenye moshi huo.

Gari yangu ni IST ya 2004, injini 1NZ-FE, ile cc 1496. Ni injini hiyo hiyo iliyoko kwenye Probox nyingi, Raum ile ya pili, Premio na Allion za cc 1500, kwa hiyo wengi mtakuta ninayoyasema yako kwenye gari zenu. Ni injini nzuri na ngumu, mimi sina neno baya juu yake, ila imeshakuwa ya miaka mingi na mpira ni mpira, ukikaa kwenye joto miaka yote hiyo unakauka.

Basi nikaenda gereji ya kwanza. Fundi akafungua boneti, akaniambia washa, akafungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma, pakatoka kamoshi kanapuliza puf puf puf. Akanitazama kwa huruma kabisa akasema "dada hizi ni ringi, injini imekwisha hii, hapa ni kufanya ovahoo au tutafute injini ya mtumba Ilala." Ringi ni zile pete za pistoni, na ovahoo ni kufungua injini nzima kuitengeneza upya. Nikamuuliza bei, aliyoitaja ilikuwa mshahara wangu wa miezi kadhaa. Sikulala siku hiyo. Nilikaa na mume wangu tunapiga hesabu mpaka saa saba usiku, tuuze gari ilivyo au tukope.

Nataka niseme kitu juu ya yule fundi maana sipendi kumsema vibaya. Alichokiona alikiona kweli. Ule upepo unaopuliza kwenye kifuniko ulikuwepo na ulikuwa na maana kubwa sana, tutaufikia huko mbele. Ila hakwenda hata hatua moja zaidi. Hakuangalia bomba la nyuma kama linatoa moshi wa bluu (halikuwa linatoa), hakuchomoa plagi hata moja, hakupima kompresheni (ile presha ya ndani ya silinda), hakuniuliza oili inapungua kiasi gani. Na mimi sikujua kwamba hayo ndo maswali ya kuulizwa. Ukiambiwa injini imekufa na mtu hajachomoa hata plagi, mshukuru funga boneti uondoke.

Gereji ya pili ilikuwa ya hapa mtaani, gereji bubu chini ya mwarobaini, kijana mchangamfu. Yeye akasema sio ringi, ni gasketi ya tapeti kava, hiyo gasketi inayokaa katikati ya kichwa cha injini na kile kifuniko cha juu chenye maandishi. Hapo alipatia! Akaomba elfu 70, gasketi na ufundi, akanambia dada nenda kanywe chai urudi. Nikaenda nikarudi nikakuta kumeisha, injini imepigwa maji inang'aa. Nikafurahi. Harufu ikakata kama wiki tatu.

Kosa langu hapo lilikuwa kwenda kunywa chai. Na lingine kubwa kuliko hilo, sikuomba gasketi ya zamani. Siku hizi mimi spea ikibadilishwa naidai ile ya zamani mkononi kabla sijatoa hela, hata iwe filta, hata iwe balbu, na fundi mkweli hakasiriki.

Harufu ilirudi taratibu, mpaka siku tunaenda Morogoro kwenye msiba. Mimi naendesha, mama yangu kakaa mbele, watoto wawili nyuma. Tumepita Mlandizi, tumepita daraja la Ruvu, kukaribia mizani ya Vigwaza pana foleni ya malori, nikapunguza mwendo, na nilivyosimama tu mwanangu akasema mama mbona kuna moshi. Kweli. Moshi mwembamba mweupe unatoka kwenye ule mstari kati ya boneti na kioo cha mbele. Nikaweka pembeni, nikazima gari, nikawatoa wote nikawapeleka mbali kidogo upande wa majani, nikachukua mtungi wa zimamoto ule ambao siku zote nilikuwa nadhani ni wa kumwonesha trafiki. Miguu inatetemeka aisee.

Nikaenda kufungua boneti nimeshika chupa ya maji. Dereva mmoja wa semi aliyekuwa kwenye foleni ya mizani akashuka anakimbia, "sista usimwagie maji! usimwagie!" Akaniambia fungua kidogo tu kwanza, usiinue yote, tuone kama kuna moto. Hakukuwa na moto. Tukasubiri ipoe. Akanieleza kwamba ile manifoldi ya egzosti, pale moshi unapotokea kwenye injini, ni chuma kinachokuwa cha moto sana, ukikipiga maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka, na tena maji hayazimi oili, yanaisambaza. Oili ya injini inaanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi joto mia mbili na kitu, na manifoldi inapita hapo bila shida gari ikiwa imetoka safari. Yule kaka akainama, akamulika kwa tochi ya simu, akasema "inadondokea hapa nyuma. Na hii egzosti yako nyuma haina moshi, nani kakwambia ringi? Ongeza oili uende taratibu, ukirudi Dar tafuta mtu mzima akuangalizie nyuma ya injini, sio mbele." Oili kwenye dipstiki, kile kijiti cha kuipimia, ilikuwa imeshuka chini kabisa ya alama ya pili. Nilikuwa na lita moja kwenye buti, nikaweka karibu yote. Mungu ambariki popote alipo, sikupata hata kumuuliza anaitwa nani.

"Nyuma sio mbele" ndo neno lililonifungua. Kwenye hii injini inteki, pale hewa inapoingilia, iko mbele, ukifungua boneti unaiona, egzosti imejificha nyuma upande wa kioo. Kwa hiyo oili ikivuja upande wa mbele utaiona inatiririka kwenye bloku itakuchafulia tu, ila ikivuja upande wa nyuma inadondoka juu ya chuma cha moto inaungua pale pale. Ndo maana chini ya gari yangu hakukuwa na tone hata moja asubuhi. Kila fundi alikuwa anachungulia chini anasema hamna kinachovuja.

Fundi wa tatu ni mzee wa Mbezi, nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Nilifika nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akafanya kitu ambacho wenzake hawakufanya, akavuta stuli akakaa akaniuliza maswali. Inanuka ukiwasha asubuhi au ikishapata moto? Ikishapata moto. Ukisimama au ukitembea? Nikisimama. Harufu ya nini, tamu tamu? Maana ikiwa tamu kama sharubati hiyo ni kulanti, ile ya kupozea injini. Kama plastiki ni waya, au wakati mwingine ni mfuko tu umenasa kwenye egzosti, hiyo ilikuwa nyingi kabla mifuko haijapigwa marufuku 2019. Kama karatasi iliyoungua na gari ni ya manyo hiyo ni klachi, na ukitoka kushuka mlima ikanuka kwenye matairi ni breki. Nikamwambia mzee ni kikaango. Akacheka, akasema oili basi. Oili inapungua kiasi gani? Nikamjibu kwa uhakika maana tangu Vigwaza nilikuwa naandika kwenye simu, kama nusu lita kila kilomita elfu moja na mia tano. Bomba la nyuma? Kavu, halina moshi. Akaniambia hapo mwanangu umeshanifanyia nusu ya kazi.

Akachomoa koili na plagi zote nne. Mashimo ya plagi makavu. Akapima kompresheni moja baada ya nyingine, zote zikasoma karibu sawa, na hapo nilipata pumzi ambayo sikuwa nimeipata miezi mitatu. Injini nzima kabisa.

Halafu akanituma dukani nilete poda ya mtoto. Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa ameshaosha nyuma ya injini kwa brashi ya mswaki na sabuni ya kukatia mafuta, akaipuliza kwa kompresa mpaka ikakauka, gari ya baridi, akamimina poda kiganjani akawa anaipuliza pole pole nyuma ya tapeti kava mpaka pakawa peupe kama mtoto katoka kuogeshwa. Akaniambia zungusha nayo mtaa huu mpaka barabara kuu urudi. Nikaenda dakika kama ishirini. Niliporudi akasema wewe ndo uone, chukua simu yako, weka kurekodi video na tochi iwake, ishushe huko nyuma taratibu.

Ile video ninayo mpaka leo. Poda nyeupe yote, halafu kwenye kona ya kulia kuna mstari wa kahawia mwembamba kama uzi, unaanzia juu kabisa kwenye maungio ya kava, unashuka, unapinda kidogo kwenye boliti, unaishia juu ya bati la kukinga joto la manifoldi. Chini ya hapo kila kitu kimelowa kiasi kwamba ungesema kinavuja sehemu kumi. Mzee akasema oili inashuka na upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo ukikuta pamelowa usiamini hapo, panda juu, panda juu mpaka ukute pakavu, pale panapoanzia kulowa ndo ugonjwa ulipo.

Tukafungua kava. Boliti na nati zake ni za spana namba 10 tu, hakuna maajabu. Na hapa roho iliniuma, maana gasketi ilikuwa ile ile ya zamani! Yule kijana hakubadilisha, alipaka silikoni nyekundu kuizunguka yote juu ya gasketi iliyokufa akafunga akakaza kwa nguvu zake zote. Silikoni ilikuwa imejitokeza kwa ndani kama minyoo, vipande vingine vimening'inia. Mzee akavinyofoa kimoja kimoja kwa mkono, akaniambia hivi vikikatika vinaenda sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, vinaziba chujio la pampu ya oili, hapo ndo injini inakufa kweli. Gasketi yenyewe akanipa mkononi niikunje. Ikakatika kak, kama biskuti. Mpya inakunjika kama kandambili mpya, inarudi yenyewe.

Kazi ya kusafisha ilichukua muda mrefu kuliko kazi yote. Hakutumia bisibisi kukwangua, alichonga kijiti cha mbao maana kichwa cha injini ni aluminiamu, ukikikwaruza umetengeneza njia mpya ya oili kupita. Gasketi mpya akaikalisha kavu kavu, hakupaka kitu, isipokuwa sehemu mbili tu, pale ambapo kava ya cheni ya taimingi inakutana na kichwa cha injini, hapo kuna kamstari ka maungio akaweka tone la silikoni kila upande. Tone. Akakaza akianzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa mzunguko, akashikia spana kwa vidole viwili. Nilimuuliza mbona hukazi sana, akasema hii inazuia oili isitoke, haibebi gari, ukikaza sana unaiminya gasketi inatoka pembeni au unakata boliti.

Nikajua tumemaliza. Nikatoa pochi. Akasema bado, hatujauliza kwa nini.

Akaniambia washa. Akafungua kifuniko cha oili, akachana kipande cha karatasi ya daftari akakiweka juu ya mdomo. Karatasi ikawa inarukaruka, puf puf puf, ule ule upepo wa fundi wa kwanza. Akasema unaona, injini inapumua lakini haina pa kutolea pumzi, kwa hiyo inatafuta upenyo, inasukuma oili kwenye kila sili. Nikikuachia hivi na gasketi mpya utarudi hapa mwezi wa nne. Akazima, akafungua kidude kidogo kama kidole gumba kilichofungwa kwenye kava, chenye hosi inayoenda kwenye inteki. Ndo vavu ya PCV. Akakitikisa sikioni kwangu, kimya. Kikiwa kizima ukikitikisa kinacheza ndani tik tik tik, na ukikipuliza upande wenye nyuzi hewa inapita, upande wa pili inakataa. Chetu hakikupitisha popote. Ndani ya hosi kulikuwa na tope jeusi zito.

Kazi ya hicho kidude ni ndogo ukiisikia. Kuna gesi kidogo inayopenya kwenye ringi kila injini ikifanya kazi, hata injini mpya, inashuka chini kwenye oili, na PCV inairudisha inteki ikaungue tena. Kikiziba presha inapanda na ringi zako zinasingiziwa. Na kimezibwa na nini? Oili iliyochakaa. Hapo ilibidi niseme ukweli, nilikuwa nabadili oili ikifika hata kilomita elfu tisa, oili ambayo niliuziwa ya elfu tano, na safari zangu nyingi ni fupi fupi za foleni, injini haipati hata muda wa kukausha unyevu. Mzee hakunigombeza. Alinyamaza tu kidogo, ikaniuma zaidi.

Nikapanda bodaboda kufuata kidude kipya, elfu 28, nikaambiwa kuna cha elfu 8 nikakikataa. Akafunga, akaosha hosi, akanambia washa. Karatasi ile ile ya daftari akaiweka tena kwenye mdomo wa oili. Safari hii haikuruka. Ilitulia, halafu ikavutwa katikati kama mtu anavuta pumzi taratibu, ikajibandika pale. Nilipiga kelele wateja wengine wakageuka. Tukamwaga oili tukaweka mpya, lita 3.7 na filta yake.

Kitu kimoja hakunambia nikapata presha bure. Siku tatu za mwanzo bado ilinuka, tena siku ya kwanza ilinuka zaidi. Nikampigia nimeshalia. Akasema ni ile oili ya zamani iliyolowa kwenye bati la joto na huko chini, lazima iungue iishe, angalia dipstiki usiangalie pua. Nikawa naangalia kila asubuhi, gari ikiwa imelala sehemu tambarare, nafuta dipstiki nachomeka tena nasoma. Haikushuka hata nywele. Siku ya sita nikakaa foleni pale pale Kimara, hewa ya nje imefunguliwa, nikawa navuta pumzi kwa makusudi. Nikasikia mahindi ya kuchoma ya pembeni ya barabara, basi.

Sa hivi ni miezi saba. Oili nabadilisha kila kilomita elfu tano, PCV naitikisa kila nikibadilisha oili mara mbili. Nimeenda Morogoro na kurudi mara mbili na nimesimama Vigwaza makusudi kufungua boneti, nyuma pakavu. Mwezi uliopita mzee alichungulia akasema krenki sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili kwenye mhimili wa injini, ina unyevu kidogo, haidondoki na iko mbali na egzosti, tuipakie poda tuiangalie mpaka Desemba.